Utunzaji wa Macho Kajiado: Kazi ya Wahudumu wa Kujitolea

Katika Kaunti ya Kajiado, nchini Kenya, wako watu waliopofuka ambao wangaliweza kuokolewa kama macho yao yangalitazamwa mapema. Hospitali ni chache, maboma yametawanyika, na daktari wa macho hawezi kuzunguka kila mahali. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya wahudumu wa afya wa kujitolea, yaani wenyeji waliochaguliwa na majirani zao na kufundishwa na wauguzi. Utaratibu huu uliwekwa na Serikali mwaka 2006. Mwaka 2023 wahudumu hao wakaitwa wahamasishaji wa afya ya jamii, kila mmoja akipewa nyumba zipatazo 100 za kutembelea, na posho ambayo haistahili kuitwa mshahara.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi huko Umaasaini ni trakoma, ambao wengine huuita vikope. Huletwa na vijidudu vinavyopitishwa kwa mikono, kwa nguo za kupangusia uso, na kwa nzi watuao penye tongo za watoto. Nzi hao hupenda kuzaliana katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi. Ndiyo sababu mhudumu aliyekuja kutazama macho huuliza pia habari za choo, na mwenye boma hushangaa. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, upande wa ndani wa kope hufanya makovu. Makovu hayo huikunja kope, na baada ya miaka mingi nywele zake hugeukia ndani, zikawa zinakwaruza kioo cha jicho kila mtu apepesapo. Wanawake huumia kuliko wanaume, kwani wao ndio wakaao na watoto.

Akina mama wengi hujing'oa nywele hizo kwa kikoleo kidogo. Huo si upumbavu, maana kikoleo huleta nafuu kweli. Lakini nywele huota tena, na jicho huendelea kuharibika. Dawa ya hali hii ni upasuaji mdogo wa kope, ufanywao kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa hurudi kwake siku ile ile. Vijidudu vyenyewe huuawa kwa azithromaisini, ambayo hupewa watu wote wa eneo lenye ugonjwa mwingi, dozi moja kwa mwaka. Kampuni ya Pfizer ilianza mpango wa kuitoa bure mwaka 1998.

Mambo ni mengine huko Kitengela, mji uliokua upesi kando ya barabara iendayo Namanga. Hapo mhudumu hukutana na wachomeleaji wa vyuma wasiovaa miwani, waashi walioingiwa na saruji, wagonjwa wa kisukari, na watu wa makamo wasioweza tena kutia uzi katika sindano. Ubaya mkubwa wa mjini ni matone yanunuliwayo dukani bila cheti cha daktari. Baadhi yana dawa ya steroidi, ambayo huondoa wekundu upesi, mtu akafurahi, kumbe huweza kuzidisha presha ndani ya jicho au kukuza kidonda kilichojificha.

Vyombo vya mhudumu ni tochi, kamba ya kupimia umbali, na karatasi yenye herufi E. Mgonjwa hufunika jicho moja, kisha huonyesha kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi. Hivyo asiyejua kusoma hupimwa sawasawa na mwalimu. Asiyeona vema hupewa barua ya kwenda hospitali. Mboni nyeupe ya mzee mara nyingi ni mtoto wa jicho, ambaye haondolewi kwa matone wala kwa dawa ya miti, ila kwa kupasuliwa. Mboni nyeupe ya mtoto mchanga haingoji hata kesho, kwani huenda ikawa saratani. Na saruji au chokaa ikiingia jichoni, huoshwa pale pale kwa maji safi mengi, muda wa nusu saa, ndipo safari ianze.

Kazi ngumu huja baada ya barua kuandikwa. Ajuza huuliza: nani atachunga mbuzi, nauli itatoka wapi, na je, kisu kikiharibu jicho lililobaki? Mhudumu hana budi kujadiliana na wana wake, kwa kuwa wao ndio wenye kuuza mbuzi. Mara nyingi ashindaye ubishi huo ni jirani aliyepasuliwa mwaka uliopita, ambaye sasa hutambua ng'ombe wake kwa rangi wakingali mbali.