Malewa ya Kandokando ya Ziwa

Mtu akifika Kalemie saa sita ya mchana na njaa yake, haulizi sana njia. Anafuata moshi. Kandokando ya ziwa Tanganyika, pale mitumbwi inapopandishwa mchangani, mama mmoja amesimamisha banda: miti minne, mabati machache juu, mabenchi mawili na meza ya mbao. Mahali pa kula pa namna hii kwetu Kongo tunapaita malewa. Hapana karatasi yenye majina ya vyakula. Chakula ni kile ambacho ziwa limetoa usiku.

Tazama mama anavyopika. Mukeke anapasuliwa, anatolewa matumbo, anaoshwa, anapakwa chumvi, kiisha anawekwa juu ya makala. (Ng'ambo ya ziwa, kule Kigoma, samaki huyu wanamwita mgebuka.) Ndagala, wale wadogo wanaong'aa kama feza, wanapikwa kwa mafuta ya mawese, nyanya, kitunguu na pilipili. Vyote vinaliwa kwa mkono, pamoja na ugali wa muhogo.

Lakini kwa nini siku nyingine samaki wabichi ni wengi, na siku nyingine hakuna hata mmoja? Sababu ni mwezi.

Wavuvi wa ndagala wanatoka jioni. Giza likiingia wanawasha taa juu ya maji, wanangoja. Vidudu vya ziwani, vidogo sana, vinakuja penye mwangaza; ndagala wanakuja kuvila; na mukeke anakuja kuwala ndagala. Wakiisha kukusanyika, wavuvi wanainua wavu toka chini. Zamani mababu walifanya vile vile kwa moto wa kuni uliowaka katika mtumbwi. Kiisha zikaja taa za petroli, na leo wengi wanatumia taa za umeme. Basi, mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linaangaza, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Samaki hawakusanyiki. Kwa siku kadha nyavu zinakaa pwani, wavuvi wanazishona.

Siku kama hiyo dereva mmoja aliingia katika banda.

«Mama, leo hakuna mukeke?»

«Hakuna, baba. Mwezi ni mkubwa. Kuna ndagala wakavu.»

Dereva alinuna kidogo. Lakini alikula, akaomba aongezewe.

Mama angeweza kumpa mukeke wa juzi, na kuficha harufu kwa pilipili nyingi. Wako wanaofanya hivyo, na mlaji anaugua tumbo usiku. Nanyi mkitumwa sokoni, angalieni vizuri. Samaki mbichi ana macho maangavu, yaliyotokeza. Akikaa sana, macho yanaingia ndani na kuwa kama moshi. Fungua matamvua: sherti yawe mekundu. Bonyeza nyama kwa kidole: ikirudi upesi, ni mzuri, shimo likibaki, mwache.

Ndagala wakavu wanatoka wapi? Usiku wa giza samaki wakizidi, wanawake wanawaanika juani, juu ya mchanga au juu ya vichanja. Wa kichanja ni bora, maana hawana mchanga wa kusaga meno. Lakini mvua ikinyesha kabla hawajakauka, wanaoza, na feza yote ya mama imepotea kwa siku moja.

Mtu akitazama maji yale, anafikiri samaki hawawezi kwisha. Ziwa lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake kinafika metre 1.470. Lakini hewa ambayo samaki wanavuta imo katika maji ya juu tu. Chini sana hakuna samaki awezaye kuishi. Tena watu wengine wanakokota vyandarua vya mbu karibu na pwani, wakitoa hata watoto wa samaki. Ziwa ni la nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mwaka 2024, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake toka 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wazae na kukua. Miezi mitatu ni mirefu kwa mama mwenye malewa na watoto wa kulisha.

Jioni hii mwezi ni mwembamba kama ukucha. Wavuvi wanasukuma mitumbwi majini, na mama ameisha kununua makala ya kesho.