Je, Wajua? Mto Hupimwa kwa Wadudu Wake

Maji yakiwa maangavu usiyaamini haraka. Sumu iliyomwagwa juzi usiku huenda imeshapita, na kipimo cha leo cha maabara kisiione. Wadudu wa mtoni, wao walikuwapo ilipopita.

Ndiyo maana Afrika Kusini kuna mbinu iitwayo miniSASS, ambayo hata mwanafunzi anaiweza: ingia mtoni na wavu mdogo, pindua mawe, koroga mchanga, kisha mimina ulichonasa kwenye beseni jeupe. Kila kundi lina alama zake. Mdudu bapa mwenye mikia miwili, anayejibanza chini ya mawe, ana 17, kwani hataki ila maji yenye oksijeni tele. Kereng'ende mchanga ana 6. Ruba na minyoo, wasiochagua maji, 2 tu. Jumlisha, gawanya kwa idadi ya makundi, nawe umepata hali ya mto. Lakini beseni likijaa mabuu wekundu kama damu na hakuna kingine, mto umechafuka; hesabu ya nini tena?

Tanzania nayo ina kipimo chake cha kitaalamu cha namna hiyo, TARISS.

Ukimaliza kuhesabu, warudishe majini wakiwa hai.