Machakos kwa miguu: Wikendi ya bei nafuu katika mji uliokosa reli

Waulize vijana wa Nairobi wikendi ya maana inafananaje. Wengi watakutajia gari la kukodi, nyama choma, muziki wa juu na bili inayoanza kuuma Jumatatu asubuhi. Kutembea kwa miguu hakumo kwenye orodha hiyo. Kwetu wengi, miguu ni ya tarehe ishirini na kitu, wakati nauli imekata na mshahara bado haujaingia.

Sasa fikiria mji ulio kilomita 64 hivi kutoka Nairobi, mji ambao ukiupita kwa gari unaukosa wote. Machakos unaweza kuuzunguka kwa raba za kawaida, chupa ya maji na nauli ya matatu ya kwenda na kurudi. Huhitaji gia za kupanda mlima wala kujiita mwanariadha.

Kaka mkubwa wa Nairobi

Nairobi ikiwa bado kinamasi walikonyweshea Wamaasai ng'ombe wao, Machakos ulikuwa tayari na shughuli. Jina lenyewe linatokana na Masaku, kiongozi na mwonaji wa Wakamba ambaye wageni walishindwa kulitamka jina lake sawasawa. Misafara iliyotoka Mombasa kuelekea Uganda ilipumzika huku na kununua chakula kabla ya kusonga mbele. Wakamba wenyewe walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu, na walitembea hadi Pwani na pembe za ndovu. Hapakuwa na lori wala pikipiki. Soko hili lililetwa na miguu.

Waingereza nao walijenga kituo chao hapa mwishoni mwa miaka ya 1880. Kisha reli ikaja, ikafuata tambarare na kuuacha mji huu kando ya vilima vyake. Ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, makao ya utawala yakahamishwa kuifuata.

Machakos ikanyang'anywa ukubwa, na kwa mtembeaji hiyo ni bahati. Mji ulibaki wa kiasi cha kumalizwa kwa asubuhi moja, na mashamba yako karibu kiasi kwamba hujachoka ushafika.

Matembezi ya kwanza: soko

Fika kabla ya saa tatu asubuhi, jua likiwa bado na adabu. Ukishuka stendi, usikimbilie boda. Fuata watu wenye mizigo, watakufikisha sokoni.

Hapa ndipo utajua kwamba maharagwe si jina la kitu kimoja. Kuna ndengu, kunde, mbaazi na njahi, zote zinapimwa kwa gorogoro. Kuna mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi, chakula ambacho rafiki yako yeyote wa Ukambani atakitetea hadi mwisho. Msimu wa maembe ukifika, harufu inakupokea kabla ya muuzaji. Na kuna vyondo vya mkonge ambavyo mjini Nairobi utauziwa kwa bei ya watalii.

Anza na salamu. Ukisema "Wimuseo?" utajibiwa "Nimuseo," na mara nyingi na kicheko, kwa sababu lafudhi yako imekuuza. Hapo ndipo unaweza kuuliza, "Mama, hizi ndengu ni pesa ngapi?" Na kabla ya kupiga picha, omba ruhusa. Mtu aliyeamka saa kumi usiku kupanga mboga hakuja kuwa mapambo ya ukurasa wako.

Ukiwa bado mjini, kumbuka jina moja: Muindi Mbingu. Wengi wetu tunalijua kama barabara ya Nairobi inayopita kando ya City Market. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana mifugo kupita kiasi, ikaanza kuwachukulia ng'ombe na kuwauza kwa bei ya kutupa. Muindi Mbingu aliongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kusikizwa na gavana. Yeye alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini mpango wa kuwanyang'anya watu mifugo ukalegezwa. Kizazi kinachojua maana ya kuingia barabarani kudai haki kinafaa kujua kwamba njia hiyo ilishakanyagwa kitambo.

Matembezi ya pili: majini

Kutoka katikati ya mji hadi upande wa Bwawa la Maruba hutamaliza saa moja kwa mwendo wa kupiga stori. Bwawa hili hunywesha mji. Karibu nalo ni Machakos People's Park, bustani iliyofunguliwa mwaka wa 2014. Wikendi hujaa familia, wapenzi na watoto wanaokimbizana, kwa hivyo ukitaka utulivu nenda mapema. Uliza kwanza kuhusu kiingilio, usije ukajikuta getini ukihesabu sarafu.

Mahali pasipo na njia ya wapita njia, tembea upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yakija mbele yako. Tulifunzwa darasani tukasahau, na wanaotembea kwa miguu bado ni miongoni mwa wanaouawa zaidi kwenye barabara zetu.

Matembezi ya tatu: vilima vya Iveti

Hii ndiyo safari ya kutengea nusu siku. Mji wenyewe uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Iveti vinainuka mgongoni mwake. Njia za miguu zinapita kati ya mashamba, migomba na boma za watu. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopoa na kelele za honi zinavyobaki chini.

Usitazame mandhari tu. Tazama ngazi. Mteremko wote umekatwa matuta, moja juu ya jingine, kama mtu aliyepanga vitabu. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba ardhi hii inakufa. Udongo ulikuwa ukisombwa na mvua, na makorongo yakila mashamba. Kwa hesabu yao, watu wakiongezeka tu, mambo yameisha.

Watu waliongezeka zaidi ya mara tano kufikia 1990. Lakini ardhi haikufa. Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos, wakionyesha kwamba kadiri watu walivyoongezeka ndivyo mmomonyoko ulivyopungua. Wakulima walikuwa wamejenga matuta, wakapanda miti na kulitunza shamba kama mtu anayejua hana lingine.

Mbinu kubwa inaitwa fanya juu, na wataalamu wa udongo duniani wanaiita hivyo hivyo, kwa Kiswahili. Unachimba mtaro ukikingama mteremko, kisha udongo unautupa upande wa juu uwe tuta. Mvua ikinyesha, tuta linazuia maji na udongo. Unapanda nyasi juu yake, ng'ombe anapata chakula. Miaka ikipita, mteremko unageuka ngazi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya mwethya, majirani wanaosaidiana shamba kwa shamba, na wengi wao walikuwa akina mama wenye majembe.

Tumezoea kusikia kwamba mazingira yameharibika na sisi vijana tumeachiwa hasara. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini simama Iveti, mji ukiwa chini yako, utaona hasara iliyokataliwa kwa mikono.

Ukibaki na nguvu na hela ya boda, nenda Kyamwilu upande wa Kituluni, kilomita 12 hivi kutoka mjini. Mwaga maji barabarani na utayaona yakipanda mlima. Wazee wana hadithi zao. Fizikia nayo inasema macho yanadanganywa na jinsi ardhi ilivyoinama pande zote, kiasi kwamba mteremko unaonekana kama mwinuko. Furahia zote mbili.

Kabla hujaenda

Epuka vilima wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Tembeeni wawili au zaidi, hasa vilimani, na mwambie mtu wa nyumbani mnaelekea wapi. Wasichana, najua ushauri huu mmeuchoka, ila uzito wake uko pale pale hadi barabara zetu ziwe za kila mtu. Panga kuwa mmeshuka kabla ya saa kumi jioni.

Kumbuka pia kwamba njia unayopita ni ya mtu kwenda kisimani, shuleni au kanisani. Salimia, usichume embe la mwenyewe, rudi na takataka zako. Na kula huko huko. Sahani ya muthokoi kwenye kibanda inaacha pesa kwa aliyekuonyesha njia.

Fanya safari hii mapema. Nairobi inapanuka kuelekea huku, viwanja vinauzwa, na kila ua jipya linaweza kufunga njia ambayo watu wameipita tangu babu zao. Njia ya miguu mara nyingi haina hati miliki. Kinachoilinda ni nyayo, na zako pia zinahesabika.