Springi ya Kibodi Ina Kazi Mbili

Mtu anayechapa maneno 40 kwa dakika, tukikadiria herufi tano kwa kila neno, hubonyeza vitufe mara 200 kila dakika, yaani mara 12,000 kwa saa. Karani wa mahakama, mhasibu, mfasiri na mwandishi wa habari hufanya hivyo siku nenda siku rudi. Ndiyo maana uzito wa kitufe si anasa ya vijana wapenda michezo ya kompyuta. Ni suala la afya kazini, na kwa anayetumia kibodi ya swichi ni suala analoweza kulishughulikia kwa mikono yake mwenyewe: anatoa springi nzito, anaweka nyepesi.

Kibodi nyingi za ofisini hazitoi nafasi hiyo. Vitufe vyake vyote hukaa juu ya utando mmoja wa mpira, na mpira huo ndio unaovirudisha juu. Kibodi ya swichi ni tofauti, kwa sababu kila kitufe kina swichi yake kamili. Aina iliyoenea zaidi ni MX, iliyobuniwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani miaka ya 1980. Hataza zake zilipokwisha muda, viwanda vingine kama Gateron na Kailh vilianza kutengeneza swichi za umbo lilelile, na leo springi moja huingia katika swichi za kampuni nyingi.

Ukiifungua swichi hiyo utakuta vitu vichache tu: ganda la chini, ganda la juu, vibati viwili vya metali, springi, na kijiti cha plastiki kinachobeba kofia yenye herufi. Kitufe kikiwa kimetulia, miguu ya kijiti huvitenganisha vile vibati. Ukibonyeza, kijiti hushuka na kuviachia vigusane. Kwenye swichi nyekundu ya Cherry vibati hugusana baada ya milimita 2, na hapo ndipo herufi huandikwa. Kijiti kina nafasi ya kushuka milimita 4 kabla ya kugonga chini, kwa hiyo nusu ya pili ya safari haiandiki chochote.

Robert Hooke wa Uingereza alichapisha mwaka 1678 kanuni inayotawala jambo hili: kadiri springi inavyobanwa ndivyo inavyosukuma zaidi, na ongezeko la nguvu huenda sambamba na ongezeko la mbano. Chukua springi inayoanza na uzito wa gramu 30 kitufe kikiwa juu, na kufikia gramu 45 kwenye milimita 2. Imeongeza gramu 15. Ikibanwa milimita 2 zaidi itaongeza 15 nyingine, na mwisho wa safari itakuwa gramu 60. Springi ni ileile, lakini ina namba tatu, na zote ni za kweli.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Muuzaji mmoja huandika kwenye pakiti uzito wa pale herufi inapoandikwa, mwingine huandika uzito wa pale kijiti kinapogonga chini. Anayenunua springi za "60" ili kulegeza kibodi ya "60" huenda akapata nafuu kubwa, na anayedhani 60 ni nzito kuliko 45 aliyonayo huenda akafunga springi isiyo na tofauti yoyote na ya zamani. Kabla ya kulipa, uliza namba hiyo imepimwa wapi. Uliza pia urefu. Springi ndefu, iliyokwisha kubanwa sana kabla hujaigusa, huanza na nguvu zaidi na huongeza kidogo tu inaposhuka. Ile fupi huanza kwa ulaini na kuwa ngumu mwishoni.

Njia rahisi ya kujua ulichonacho ni kupima. Weka kikombe chepesi cha plastiki juu ya kitufe, mimina mchele kidogo kidogo mpaka herufi itokee kwenye skrini, kisha pima kikombe na mchele wake kwenye mizani ya jikoni. Uzito huo ndio wa kuandika herufi. Ukitaka uzito wa chini kabisa, chomoa swichi, isimamishe juu ya mizani na uibonyeze taratibu mpaka mwisho huku ukisoma namba.

Sasa kuhusu zile kazi mbili. Tunapozungumzia springi nyepesi tunafikiria kubonyeza tu, lakini springi haikuwekwa pale kwa ajili ya kutupinga. Imewekwa ili irudishe kijiti juu na, njiani kuelekea huko, ivitenganishe tena vile vibati. Vibati vina ukinzani wao, plastiki ina msuguano wake, na kofia ya kitufe ina uzito wake. Springi isipoyashinda yote hayo kwa wepesi, kitufe hurudi kwa uvivu au hubaki chini, na herufi hujirudia bila kuitwa.

Mfano maarufu ni ule ambao mafundi wa kibodi wanauita Ergo-Clear. Swichi ya Cherry iitwayo Clear ina kijiti chenye kinundu kinachomjulisha mchapaji kwamba herufi imeandikwa, lakini springi yake huwa ngumu sana kuelekea chini. Watu wakapenda kinundu, wakachoka na springi, wakaibadilisha kwa zile zinazouzwa kama gramu 65, 62 au 55. Waliojaribu kushuka mpaka 45 walikutana na vitufe vinavyokwama, kwa sababu kinundu kilekile kinachopendeza wakati wa kushuka hukwaruza kibati wakati wa kupanda. Swichi isiyo na kinundu huvumilia springi nyepesi zaidi. Kwa hiyo chagua springi kwa kuangalia kwanza urejeo wa kitufe, kisha ndipo uangalie starehe ya kidole.

Kuna jambo jingine ambalo springi peke yake hailiwezi. Mwaka 1994 Thomas Armstrong wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu za vidole vya watu wanaochapa. Walikuta kwamba watu walibonyeza kwa nguvu mara 2.5 hadi 3.9 ya ile iliyohitajika. Sehemu kubwa ya uchovu basi hutoka katika kupiga chini kwa nguvu tuliyozoea. Springi nyepesi hukupa nafasi ya kupunguza nguvu hiyo, lakini lazima ujifunze kuitumia: kubonyeza mpaka herufi itokee na kuachia. Usipobadilisha mkono, kitufe kilicholegezwa kitakufanya ugonge chini kwa kishindo zaidi.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili, kuna sababu ya kutotumia springi moja kwa kibodi nzima. Angalia sentensi ya kawaida ya ofisini: "Karani anaandika taarifa ya mkutano wa asubuhi." Ina herufi 40, na 13 kati yake ni A, karibu theluthi moja. Kwenye mpangilio wa QWERTY, herufi hiyo imeachiwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Wajapani wanaotengeneza kibodi za Realforce wamewahi kuuza toleo lenye uzito wa aina tatu, gramu 30, 45 na 55, ambamo vitufe vya vidole vidogo ndivyo vyepesi kuliko vyote. Wazo hilo linamfaa mchapaji wa Kiswahili kuliko wengi. Mwenye kibodi ya gramu 45 anaweza kuacha vitufe vingine kama vilivyo na kulegeza A, Q na Z tu.

Lakini asishuke mno. Kidole kidogo hupumzika juu ya A muda wote, na springi dhaifu itaandika herufi kwa uzito wa kidole kilicholala. Katika lugha ambayo "saa" na "sa" si kitu kimoja, A ya ziada ni kosa la tahajia. Mimi napendekeza usishuke chini ya gramu 35 pale herufi inapoandikwa. Kinyume chake, kitufe kirefu cha nafasi kiachiwe springi yake ya awali au nzito kidogo, maana kina kofia kubwa na vyuma vya kukisawazisha, na vyote hivyo vinahitaji kuinuliwa.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Kama kibodi ina soketi, swichi huchomoka bila kuyeyusha risasi. Kama zimeunganishwa kwa risasi, mpe fundi wa elektroniki, isipokuwa bamba la kibodi linaloshika swichi lina nafasi za kuzifungulia zikiwa mahali pake. Ganda la juu la MX hushikwa na vikucha vinne, viwili kila upande. Vilegeze vyote kwa pamoja kwa kifungulio chake, usikwangue kimoja kimoja mpaka kivunjike. Toa springi kwa kibano, tia tone dogo la mafuta mepesi kwenye ncha za ile mpya ili isilie kama waya, isimamishe juu ya kinguzo cha katikati, rudisha kijiti miguu yake ikielekea vibati, kisha funga. Bonyeza mara kadhaa kabla ya kuirudisha kwenye soketi, na hakikisha pini zake zimenyooka, kwa sababu pini iliyopinda hulala chini ya swichi na kitufe kikaonekana kimekufa.

Anza na A peke yake na uitumie kwa kazi zako za wiki nzima. Ikirudi haraka, isipojiandika na kidole kikipumua, endelea na vitufe vya jirani. Na kama vidole vinakufa ganzi au maumivu yanapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono, muone daktari kwanza. Springi hupunguza kazi ya mkono wenye afya, haitibu mkono uliokwisha kuumia.