Myombekere Amfuata Mkewe Ukweni

Wajukuu zangu, sogeeni karibu. Hapo kale, kabla Wazungu hawajafika Ukerewe, palikuwa na mume aitwaye Myombekere na mkewe Bugonoka. Walipendana, ila mtoto hawakupata. Ndugu wa mume wakaanza maneno: mke huyu wa nini, muache uoe mwingine. Matusi yalipozidi, wazazi wa Bugonoka wakaja kumchukua binti yao, wakarudi naye kwao.

Mnadhani Myombekere alifanya nini? Hakuoa mwingine. Alivumilia upweke wa nyumba isiyo na mke, kisha akafunga safari kwenda ukweni kuomba radhi. Wakwe wakamtoza faini ya pombe ya ndizi. Akahangaika kuipata, majirani wakamsaidia, pombe ikapikwa na kupelekwa. Bugonoka akarudi kwake. Wakaenda kwa mganga, wakapewa dawa, na hatimaye wakamzaa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali.

Hadithi hiyo haikutoka mbali. Mto Simiyu, ulioupa mkoa wetu jina, humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, na kaskazini mwa ghuba hiyo ndiko kuliko kisiwa cha Ukerewe. Aliyeiandika ni Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyezaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watemi. Alisoma kwa wamisionari Wakatoliki, akajua Kilatini na lugha nyingine za Ulaya. Lakini alipoamua kuandika kitabu chake kikubwa, alikiandika kwa Kikerewe. Alikimaliza mwaka 1945.

Kitereza alilijua jambo aliloliandika. Alimwoa Anna Katura mwaka 1919, na hawakubahatika kubaki na mtoto hata mmoja. Hata hivyo waliishi pamoja hadi uzeeni. Kwa hiyo mnaposoma jinsi Myombekere alivyokataa kumwacha mkewe, jueni kwamba mwandishi naye alimshika wake.

Kitabu kilikaa miaka mingi bila mchapishaji, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Mzee akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Yeye alifariki mwaka 1981. Baadaye Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, alikitafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 2002.

Sasa niwaeleze kwa nini hadithi ya mapenzi ya zamani ni hazina. Vitabu vingi vya wakoloni viliandika kodi, vita na majina ya watemi. Havikuandika mkwe anasalimiwaje, pombe inapikwaje, wala mke aliyerudi anapokelewaje. Lakini mwandishi wa hadithi za mapenzi hawezi kuyakwepa hayo. Ukitaka kuonyesha mume anampenda mkewe, sharti useme alilima nini, alivuka wapi, aliombaje radhi na nani alimsindikiza. Wapendanao wanaweza kuwa wa kubuni, lakini jembe, chungu, desturi na njia viwe vya kweli.

Hata ng'ambo ya bahari watu weusi wameifanya kazi hiyo ya kuhifadhi historia kwa hadithi za mapenzi. Mmeona filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, wenye kofia pana na farasi. Karibu wote humo ni Wazungu. Ukweli ni tofauti: wanahistoria wanakadiria kwamba katika wachunga ng'ombe wanne, mmoja hivi alikuwa mweusi. Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, na waliokuwa watumwa wakatafuta mahali pa kuishi kama watu huru. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu kupewa ekari 160 akizikalia na kuzilima kwa miaka mitano. Ardhi hiyo ilikuwa imenyang'anywa wenyeji wa asili, na hilo nalo tusilifiche.

Mwaka 1877 watu weusi walianzisha mji wa Nicodemus katika jimbo la Kansas. Miti ilikuwa haba, basi wa kwanza walichimba nyumba ardhini wakapitisha humo kipindi cha baridi kali. Humo walioana, wakazaa, wakajenga makanisa na shule. Mji huo upo hadi leo. Mwaka 1994 mwandishi mweusi, Beverly Jenkins, alitoa riwaya ya mapenzi iitwayo Night Song, kuhusu mwalimu wa kike na askari wa farasi, wote weusi, huko huko Kansas. Wasomaji wengi walikutana humo na babu zao ambao filamu ziliwaacha nje.

Na sisi Wasukuma je? Babu zetu nao walifungua nchi. Mapori yalijaa mbung'o walioua ng'ombe, na kuanzia miaka ya 1920 watu wengi walikusanywa kufyeka vichaka ili mifugo na mashamba vipate nafasi. Familia zilihama na ng'ombe zao zikitafuta malisho na ardhi mpya ya mtama na pamba. Walilima kwa makundi, majembe yakifuata mdundo wa ngoma ya bugobogobo. Kijana hodari shambani alionekana na wasichana, na ng'ombe za mahari zilihesabiwa mbele ya wazee wa pande zote mbili. Katika pilika hizo palikuwa na wapendanao waliotenganishwa na njaa, na uhamaji, au na mahari isiyotimia.

Hadithi zao zimo vinywani mwa wazee wa hapa kwetu Mwamapalala, na nyingi hazijaandikwa popote. Nendeni kwa bibi na babu zenu mkawaulize: mlikutana wapi, mahari ilikuwa ng'ombe wangapi, nani alipinga, mlijenga wapi nyumba ya kwanza? Andikeni majibu kwenye daftari, kwa Kisukuma au kwa Kiswahili, bila kuona haya. Kitereza hakungoja mgeni aje kuandika habari za Wakerewe. Nanyi msingoje.