Kuwakaribisha au Kuwafukuza Pepo: Santeria ya Kuba na Wanamaombi wa Ubungo

Makala haya yanahoji matumizi ya dhana ya mchanganyiko wa dini kwa kulinganisha mifano miwili. Nchini Kuba, watumwa wa Kiyoruba na vizazi vyao waliilinganisha miungu yao, iitwayo orisha, na watakatifu wa Kikatoliki. Changó, mwenye mamlaka juu ya radi, alilinganishwa na Mtakatifu Barbara, anayeombwa kinga dhidi ya radi. Hivyo, sikukuu ya Desemba 4 huwaadhimisha wote wawili.

Jijini Dar es Salaam, Wanamaombi, kundi lililoasisiwa na Padri Felician Nkwera, wana kituo Ubungo, eneo lililokuwa sehemu ya Kinondoni. Humo, majini na pepo wengine husadikiwa kuwa na nguvu halisi, lakini hufukuzwa kwa maji ya baraka na maombezi ya Bikira Maria.

Kwa hiyo, pande zote mbili zinakiri kuwapo kwa viumbe hao. Santeria huwakaribisha katika sikukuu, ilhali Wanamaombi huwafukuza. Mtafiti anayeziita zote mbili mchanganyiko huwabandika Wanamaombi, wanaojitambua kuwa Wakatoliki licha ya mgogoro wao na maaskofu, imani ileile wanayoipinga.