Kamba ya Chuma Juu ya Reli

Swali la kwanza la anayepanda gari la kebo ni lilelile siku zote: kibanda kikianguka je? Chini kukiwa na reli swali huzidi uzito, kwa kuwa roho ziko juu na roho ziko chini. Ni swali la haki. Lakini ukikaa na mafundi wa kebo utasikia wakihofia mambo mengine mawili: kreni ya mafundi wa reli iliyoinua mkono wake gizani, na kibanda kilichokwama na watu ndani, juu kabisa ya njia ya treni.

Huko Andermatt, Uswisi, njia mbili zimegawana mteremko mmoja. Treni za Matterhorn Gotthard Bahn hupanda kuelekea Oberalp kwa kujipindapinda, zikivuta umeme wa volti 11,000 kutoka waya wa juu. Kebo ya Gütsch-Express, inayobeba wacheza theluji, huanzia kando ya stesheni na kupaa moja kwa moja hadi Nätschen na kuendelea. Jijini London, kebo iliyofunguliwa mwaka 2012 huvuka mto Thames, kisha hupita juu ya reli ya DLR, ambayo umeme wake wa volti 750 umo kwenye reli ya tatu, pembeni ya njia. Tofauti hiyo si ndogo. Waya ukiwa juu, kamba ya uokoaji inayoning'inia inaweza kumuua anayeishika hata kabla haijagusa waya wenyewe. Umeme ukiwa chini, hatari inamngoja anayetua.

Kimo cha treni hakibadiliki. Kamba ndiyo isiyotulia. Vibanda vikijaa watu, kamba hulala chini zaidi, upepo huisukuma pembeni, na breki ya dharura ikifungwa ghafla hurukaruka juu na chini kwa muda. Kwa hiyo nafasi kati ya kamba na reli hupimwa kwa siku mbaya kuliko zote: vibanda vimejaa, barafu imeganda kwenye kamba, breki imekamata.

Hesabu hiyo nzuri haikuisaidia Singapore. Tarehe 29 Januari 1983, meli ya kuchimba mafuta iitwayo Eniwetok ilikuwa ikiondolewa bandarini, mnara wake ukanasa kebo ya kwenda kisiwa cha Sentosa. Vibanda viwili vilitumbukia baharini na watu 7 wakafa. Kebo haikuwa na hitilafu yoyote. Kilichoivunja ni chombo kirefu kuliko vyote vilivyozoeleka kupita pale. Treni ya abiria haiwezi kurefuka namna hiyo, lakini reli ina kreni zake, na kreni huja siku ya matengenezo, mara nyingi usiku, wakati mwenye kebo amelala. Ndiyo maana mkataba kati ya wenye njia hizi mbili una thamani kuliko nguzo moja ya ziada: mkono wa kreni usiinuliwe chini ya kamba kabla chumba cha kuongozea kebo hakijapewa taarifa na kuitikia.

Kamba yenyewe ni duara lisilo na mwanzo. Ncha zake mbili huunganishwa bila fundo: nyuzi nene za upande mmoja hufumuliwa na kusukwa ndani ya za upande wa pili, kama msusi anavyoongeza rasta. Urefu wa kiungo hicho ni mara 1,200 ya unene wa kamba, hivyo kamba ya milimita 50 huhitaji mita 60. Macho peke yake hayatoshi kuikagua. Kamba hupitishwa kwenye kifaa chenye sumaku kali, na waya uliokatika ndani hujitangaza kwa kuvuruga uga wa sumaku. Kwenye roda za minara kuna vijiti dhaifu vya umeme. Kamba ikitoka mahali pake huvunja kijiti, na mtambo husimama wenyewe.

Kusimama huko ndiko kunakoleta kitendawili. Kwenye mlima wa kawaida, mwokoaji huteleza juu ya kamba hadi kwenye kibanda na kuwashusha abiria mmoja mmoja kwa mkanda. Juu ya reli hawezi kuanza kabla treni hazijasimamishwa pande zote mbili, umeme kukatwa, na waya kufungwa kwenye ardhi ili usirudishe umeme. Dakika hizo, kwa mtoto aliyekaa kwenye baridi ya chini ya sifuri, ni ndefu. Kwa maoni yangu, kebo inayovuka reli isitegemee mikanda hata kidogo kama njia yake ya kwanza. Iwe na injini ya dizeli isiyotegemea umeme wa gridi, na namna ya kuzungusha kamba hata beringi kuu ikiharibika, ili kila kibanda kirudi stesheni na watu washukie mlangoni.

Vifaa hivyo vyote havina maana mkononi mwa asiyeviheshimu. Kule Mottarone, Italia, tarehe 23 Mei 2021, kamba ya kuvuta ilikatika na breki ya dharura haikukamata, kwa sababu ilikuwa imezuiwa kwa vyuma ili isisumbue safari. Watu 14 walikufa. Kule hakukuwa na reli chini, na msiba ulikuwa mkubwa hivyo.

Mkaguzi anayekwenda kwenye kebo ya namna hii aanze na chumba cha kuongozea, kamba ifuate baadaye. Aliyeko zamu aambiwe apige simu papo hapo kwa waongoza treni na kuomba njia ifungwe. Akianza kuitafuta namba, kebo hiyo isifunguliwe siku hiyo.